Amplifaya Mbili za Bakari

Wanangu, mkija kwangu hata maji hamjanywa swali lishatoka: "Bi Rukia, ni kweli zile amplifaya za zamani zapita hizi mpya?" Kisha macho yaenda pale pembeni, kwenye ile ya kahawia niliyoifunika leso. Mmesikia kwamba zile za valvu, za kabla hamjazaliwa, zina roho, na kwamba hizi ambazo viwanda vimezitoa upya kwa sura ile ile ni maiti aliyevikwa nguo nzuri. Wengine wenu mwabishana hapa barazani mpaka chai yapoa.

Sitawajibu kwa neno moja. Nitawaeleza habari za mpiga gitaa mmoja, Bakari, Mungu amrehemu, aliyekuwa nazo zote mbili.

Kwanza mjue nilivyoingia katika kazi hii, maana hapa mtaani kwetu Mjambere, miaka ile, hii haikuwa kazi ya kupewa mtoto wa kike. Baba alipofariki nililelewa na ndugu yake mdogo, Ami Sefu. Yeye alikuwa fundi wa redio, na chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho kilichokuwa karakana. Miaka ya themanini redio za valvu zilikuwa zimekwisha majumbani, lakini bendi za mahoteli na vikundi vya taarabu walikuwa bado wana amplifaya za valvu, zile taa za kioo zinazowaka ndani kama makaa. Ikiharibika, yaletwa kwa Ami Sefu. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, niko nyumbani, nangoja posa kama wenzangu. Siku moja akaniita.

"Rukia!"

"Abee, Ami."

"Njoo unisomee rangi hizi."

Alikuwa ameshika kile kipande kidogo cha kupunguza umeme, chenye mistari ya rangi inayoeleza nguvu yake. Nikamsomea: manjano, zambarau, nyekundu. "Hee, wajua," akasema, akakilehemu mahali pake. Kesho yake akaniita tena, na kesho kutwa. Nikaona ananifundisha, nami nikavimba kichwa. Nikawa nasoma rangi kama anayesoma juzuu mbele ya mwalimu, kwa sauti, nikingoja kusifiwa.

Miezi ikapita hivyo. Asubuhi moja nilimwona amesimama dirishani, ameinua waya mbele ya uso, augeuza huku na huku kwenye mwanga, na jua likampiga usoni. Mboni zilikuwa na ukungu mweupe. Hapo nikaelewa kwamba hakuwa akinifundisha. Hakuwa akiona.

Yeye ndiye aliyesema, bila kugeuka: "Fundi asiyeona, nani atamletea chombo chake? Keti." Nikaketi. Tangu siku ile mimi nikawa macho na yeye akawa kichwa, na watu wakaendelea kusema Ami Sefu ana bahati, amepata mpwa wa kumpelekea zana.

Amplifaya ya valvu, wanangu, ni kitu cha kuheshimiwa. Ukiichomoa ukutani haijafa. Ndani mna kapasita zinazoweka stima, huo umeme, kama mtungi unavyoweka maji, na ukitia mkono kabla hujazimwaga, yakurusha. Ami alinifunga mkono wa kushoto mgongoni kwa leso yangu mwenyewe, akanifanyisha kazi kwa wa kulia peke yake. "Stima ikikupata mkono mmoja, utaungua," akaniambia. "Ikiingia huku ikatokea huku, imepita moyoni, na sisi tutakwenda kuchimba kaburi." Nilifungwa hivyo mpaka mkono ukajifunza kurudi nyuma wenyewe. Hata leo nikigeuza chapati, wa kushoto uko mgongoni, na wajukuu wanicheka.

Alinifundisha kugonga valvu kwa ncha ya penseli, moja moja, huku nasikiliza, mpaka ile mbovu ijitangaze kwa mlio kama kengele. Alinifundisha kunusa. Transfoma iliyoungua ina harufu yake, na kapasita iliyovuja ina yake. Pwani yetu hii ina chumvi hewani, chuma hakikai. Na ina wadudu wanaopenda joto. Niliwahi kumtoa mjusi aliyekaukia juu ya transfoma, mkavu kama ng'onda. Mara nyingine niliitwa Likoni kwenye harusi, upande wa wanawake watupu, ambako fundi mwanamume hakuweza kuingia. Amplifaya ya kikundi cha kina mama ilikuwa imenyamaza na bibi harusi keshaketi. Nikaifungua, mende wakatoka mbio, na ukumbi mzima wa kina mama waliojipamba ukapanda juu ya viti. Siku ile ndipo jina langu lilipoanza kujulikana, kwa kina mama.

Sasa Bakari. Bakari alikuwa mtu wa Frere Town, mrefu, mpole, mwenye kucha ndefu za mkono wa kulia alizozitunza kuliko viatu vyake. Alipiga gitaa katika bendi ya hoteli moja kule Shanzu. Amplifaya yake aliipata ujanani kwa baharia, ndiyo hiyo mnayoiona pembeni. Mwaka mara moja au mbili ilikuja kwetu, na kila ikija tulifurahi, kwa sababu akishaijaribu hakuondoka upesi. Alikaa kwenye kibao akapiga, na majirani wakaja dirishani.

Sauti ya amplifaya ile haikukaa mahali pamoja. Ikiwaka tu ilikuwa safi. Ikipata moto ikawa na mkwaruzo mtamu, kama sauti ya mtu aliyetoka kulia. Jioni, Mjambere nzima ikiwasha pasi na majiko, stima ilishuka nguvu, nayo ikalegea zaidi. Hotelini, kwenye jenereta, ikasimama wima. Bakari aliifuata. Akipiga, sikio lake lilikuwa nyuma, kwenye ile spika, na mkono ukiongeza na kupunguza, hivi kama mtu anavyotembea na mzazi wake mzee, akimwangalia hatua.

Miaka ya tisini ilipoanza, hoteli ikapata meneja mpya, naye akataka kila kitu cha jukwaani kiwe kipya. Ile ya Bakari ilikuwa imeunguza transfoma ya spika, kwa hivyo hakuwa na la kusema. Meneja akaagiza mpya, na kwa heshima ya Bakari akaagiza moja ya hizi mnazozibishania, iliyotengenezwa upya kwa mfano wa ile ile ya zamani. Ilipofika, ukiziweka pamoja hukutambua ipi ni ipi. Rangi ile ile ya kahawia, kitambaa kile kile mbele, hata vizungushio vya sauti vilifanana.

Bakari akaja nazo zote mbili juu ya mkokoteni.

"Dada Rukia, hii mpya imezibwa," akaniambia. "Yasema kama mtu aliyejifunika mdomo. Nitoleeni roho ya hii kongwe muitie humo."

Nikazifungua zote mbili. Ndani hazikuwa ndugu. Ile kongwe ilikuwa imeunganishwa kwa mkono, waya kwa waya, waweza kuifuata kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho. Mpya ilikuwa na ubao wa kijani wenye njia za shaba zilizochapishwa, na valvu zimesimikwa juu ya ubao wenyewe. Ukizidisha moto wa kulehemu, njia yabanduka na kazi yako imeharibika. Lakini nisiseme uongo. Nilipima kila mahali, na kila mahali palikuwa sawasawa. Nilipounga gitaa letu la kujaribia nikasikia sauti safi. Ilikuwa baridi kidogo, basi.

Bakari akazungusha kile cha sauti nyembamba mpaka mwisho. Nikahisi meno kama niliyeng'ata ukwaju. Yeye akatikisa kichwa.

"Bado imezibwa."

Nikahamisha valvu za kongwe nikazitia katika mpya. Bado. Nikahamisha spika. Bado. Kila alipokuja alikuwa amekonda kidogo. Ami Sefu akasema, "Hebu tuifufue ile kongwe, tuzisikie zote mbili." Ikabidi tuisuke upya transfoma. Mimi nilizungusha uzi wa shaba, mwembamba kama nywele, na Ami akapitisha ncha za vidole juu ya kila tabaka, akiniambia hapa umelegeza, hapa umepanda juu ya mwenzake, rudi. Wallahi, sijaona macho yaliyoona kama vidole vile.

Ikawaka. Tukamtumia Bakari salamu.

Alikuja alasiri, amevaa shati la bendi, maana jioni alikuwa na kazi. Akaketi kwenye kibao, akaunga gitaa, akapiga. Mimi na Ami tulikuwa tumeshatabasamu. Sauti ilikuwa ni ile ile, ya kabla haijaungua. Hata jirani yetu akapaza sauti ukutani, "Ahsante!"

Bakari akaacha kupiga. Akaitazama amplifaya. Akapiga tena kidogo, akaacha.

"Na hii mumeiua," akasema.

Hapo hapo ikalia saa yake ya mkononi, hizi za namba, zenye mlio mwembamba kama wa ndege. Alikuwa ameitegea tangu zamani, imkumbushe kila jioni kwenda Shanzu. Ikalia, ikalia, yeye yuko vile vile, akitazama spika.

"Bakari, saa yako yalia," akasema Ami.

"Hii?" Akainua mkono. "Hii iliacha kulia tangu Ramadhani. Betri zake hafifu."

Namba zilikuwa zikimetameta. Mlio ulikuwa bado umo chumbani. Bakari akaniangalia mimi, akamwangalia Ami, akaona jinsi tulivyougeukia mkono wake. Akausogeza polepole kwenye sikio la kulia. Akauhamishia la kushoto. Kisha mlio ukakatika.

"Ilikuwa yalia?"

"Ilikuwa yalia, kaka," nikasema.

"Na sasa?"

"Sasa imenyamaza."

Akauteremsha mkono magotini. Mimi sikujua pa kutia uso wangu. Ami Sefu ndiye aliyesogeza kibao chake karibu.

"Bakari, humu ndani nani asomaye rangi?"

"Wewe, Ami. Si fundi ni wewe?"

"Mimi sioni. Miaka sasa. Uso wako nauona kama moshi. Rukia ndiye asomaye, ndiye alehemuye. Wewe ni mtu wa kwanza kuambiwa na kinywa changu."

Bakari akasimama. "Usinifananishe nawe, Ami Sefu. Wewe wafanya kazi kwa macho ya Rukia. Mimi nitapiga kwa masikio ya nani?"

Akachukua gitaa lake akatoka. Amplifaya zote mbili akatuachia sakafuni.

Hotelini walikuwa na vyombo vingine vya kuazima, kwa hivyo aliendelea kwenda. Baada ya kama wiki akaja mkewe, Mwanaisha, saa za asubuhi, peke yake. Hata kuketi alikataa.

"Rukia, nataka uniambie. Yule meneja amempa mpaka mwisho wa mwezi. Asema wageni wahama meza za mbele, gitaa lawachoma masikio. Bakari asema ni amplifaya. Ni amplifaya?"

Nikamwuliza, "Nyumbani yukoje?"

Hapo akaketi. "Nyumbani hanijibu. Namwita toka jikoni, hataki hata kugeuza shingo. Wanangu nao wakimwita hivyo hivyo." Akajifuta uso kwa ncha ya buibui. "Nimejiambia amenichoka. Nimeshamwambia mama yangu anitayarishie chumba."

"Mwanaisha," nikasema, "hajakuchoka. Hakusikii."

Alinitazama kama niliyemtukana. Kisha akaanza kucheka na kulia mara moja, huku akirudia, "Hanisikii. Ya Rabi, hanisikii." Akaondoka hata bila kuaga.

Yeye ndiye aliyempeleka kwa daktari. Daktari akasema mishipa ya ndani ya sikio imechoka. Miaka yote ile alisimama na amplifaya nyuma ya bega, na sauti nyembamba ndizo zitanguliazo kuondoka. Hakuna dawa ya kurudisha. Kilichobaki kitunzwe.

Bakari akaja tena. Alimwamkia Ami shikamoo, akamshika mkono, na wakakaa wameshikana mikono hivyo kama watu waliofiwa pamoja. Halafu akanigeukia.

"Dada Rukia, lile swali langu la masikio bado liko."

Nilikuwa nimelifikiria siku zote zile. "Siwezi kwenda hotelini kila siku," nikamwambia. "Lakini naweza kwenda siku moja, nikakutafutia mahali sauti inapokaa vizuri, nikakutilia alama. Wewe utaweka vizungushio kwenye alama, na hutaviongeza, hata moyo ukikwambia nini."

"Basi zitie kwenye hii yangu." Akaweka kiganja juu ya ile kongwe.

Hili ndilo lililokuwa gumu kusema, na ndilo jibu la swali lenu.

"Hiyo haishiki alama, kaka Bakari. Ikipata moto yageuka. Stima ikishuka yageuka. Alama ya saa kumi, saa kumi na moja ishakuwa uongo. Wewe ulikuwa waifuata kwa sikio, na hukujua kama waifuata."

"Na ile mpya?"

"Ile haigeuki. Alama ya Jumatatu ndiyo ya Ijumaa."

Alikaa akiipapasa kongwe, pale ambapo ngozi yake imelika kwa mkono wake mwenyewe.

"Kwa hivyo hii yanitaka niwe na masikio."

"Ndiyo."

"Na ile?"

"Ile haijali."

Akatoa kicheko kifupi kisichokuwa na furaha. "Basi nipa ile isiyojali," akasema.

Nimewaambia habari hii kwa sababu mwaja kwangu na maneno ya roho na maiti. Kongwe ni nzito, yaungua, yarusha, na valvu zake sasa mwazitafuta kama lulu. Lakini mwenye sikio zima, aliye tayari kuifuata, atapata humo kitu ambacho ile mpya haijui kukitoa, na mimi sitawadanganya kwamba hakiko. Mpya nayo ilimlisha Bakari na wanawe miaka mingi baada ya yale, mpaka mahoteli yalipoacha bendi yakaweka kanda za muziki. Wakati ule alikuwa asikia maneno kwa kutazama midomo. Mwanaisha alikuwa akimpiga bega kabla ya kumsemesha, na watu wasiojua wakadhani ni wapenzi wapya. Ami Sefu alimtangulia kufa, na Bakari ndiye aliyeshika jeneza upande wa kichwa. Hii kongwe aliniachia mimi. Naiwasha mara moja moja isife, lakini sipigi. Na nyinyi, mkiniahidi kitu kimoja, niahidini kutosimama mbele ya spika masikio wazi. Pamba haina aibu.

Lakini nataka nimalizie hotelini, siku ile niliyokwenda kutia alama.

Ilikuwa alasiri, wageni wanywa chai kando ya bwawa la kuogelea. Mimi nilikuwa na buibui langu na kichupa cha rangi nyekundu ya kucha. Kabla wageni hawajajaa, Bakari alipiga na mimi nikatembea, mbele, nyuma, mpaka kule kwenye meza za mwisho, nikarudi nikazungusha kidogo, nikaenda tena. Alinifuata kwa macho kama mtoto amtazamavyo mama yake anayemshonea nguo. Niliporidhika nikatia tone la rangi kwenye kila kizungushio, na tone jingine mkabala wake, nikayapuliza yakauke. Nikamwambia, "Ni hapo." Yeye akaniambia, "Mimi nasikia kama niko chini ya maji." Nikamwambia tena, "Ni hapo."

Wakanipa kiti karibu na mlango wa jikoni. Meneja alisimama upande mwingine, mikono nyuma. Bendi ikaanza. Mwanzo Bakari alikuwa akitazama chini, kwenye vidole, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetembea gizani katika nyumba ya watu. Wimbo wa kwanza ukapita. Katika wa pili ikafika zamu ya gitaa peke yake, wenzake wakapunguza, na pale nikauona mkono wake wa kulia ukitoka kwenye nyuzi, ukienda nyuma kwenye kile kizungushio, kwa mazoea ya maisha yake yote. Kidole kikakigusa.

Akageuza kichwa akanitafuta kule mlangoni. Nikamtikisia kichwa, kwamba hapana. Wageni walikuwa wametulia, mama mmoja wa meza ya mbele amefumba macho, kikombe kiko mkononi. Bakari hakumwona, alikuwa ananitazama mimi. Akakaa hivyo muda wa pumzi moja, kidole kikiwa kwenye alama. Kisha akaurudisha mkono kwenye nyuzi, akapiga.